Ule mstari chini ya sakafu ya bahari: barafu ya gesi inavyotafutwa kwa mwangwi

Ukipata picha ya saizmiki (inayochorwa kwa mwangwi wa sauti) ya Blake Ridge, ule mgongo mkubwa wa matope ulioko chini ya Atlantiki nje ya pwani ya South Carolina na Georgia kule Marekani, kuna kitu lazima kikusumbue. Juu unaiona sakafu ya bahari, mstari mzito uliopinda taratibu. Chini yake matabaka ya matope yamelala mshazari. Halafu katikati ya hayo matabaka kuna mstari mwingine mzito ambao hauna habari na matabaka kabisa, unayakata unapita, ila sakafu ya bahari ikipanda nao unapanda, ikishuka nao unashuka, umbali karibu uleule mwanzo mpaka mwisho. Sasa matabaka hayana tabia hiyo. Tope linatua chini ya bahari kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, haliwezi kujua sakafu ya leo itakuwa na umbo gani.

Huo mstari wataalamu wanauita BSR (bottom simulating reflector, yaani mwangwi unaoiga sakafu), na mtu wa kawaida akishasikia BSR basi jibu liko tayari mdomoni: hapo kuna barafu ya gesi. Magazeti nayo yanaandika hivyohivyo. Mambo yamekaa vingine kidogo, manake ule mstari kwa sehemu kubwa unatupigia kelele kuhusu gesi iliyoko chini yake, ile barafu yenyewe iko kimya. Karibu kila mkanganyiko kwenye hii mada unaanzia hapo, kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza barafu yenyewe. Haidreti ya methani ni maji yaliyoganda yakajenga vizimba vidogo, na ndani ya kila kizimba kumefungiwa molekuli ya methani. Ukiishika ni kama barafu nyeupe, ukiisogezea kiberiti inawaka, na kyubiki mita moja ikiyeyuka inaachia karibu kyubiki mita 160 za gesi ukipima kwa presha ya kawaida ya hewani. Inataka vitu vitatu kwa pamoja: methani ya kutosha, presha kubwa na baridi. Kimoja kikikosekana hamna kitu. Chukua Ziwa Kivu pale kati ya Rwanda na Kongo, lina methani nyingi kiasi kwamba wanaivuta wanazalishia umeme, lakini haidreti hakuna, kwa sababu maji ya chini kabisa, kwenye mita mia nne themanini na kitu, yana joto la nyuzi 26 hivi na presha ya kama mara 50 ya hewa tu. Kwa presha hiyo ungetaka maji ya nyuzi 6 au 7 ndo vizimba vishikane. Kwa hiyo gesi ya Kivu imekaa ndani ya maji tu, imeyeyuka. Na ile gesi ya bahari kuu ya Tanzania inayosemwa kila siku nayo si haidreti, ni gesi ya kawaida iliyonaswa kwenye mchanga mgumu kule chini kabisa.

Blake Ridge sasa. Kina cha maji pale juu ya mgongo ni karibu mita 2,800, kwa hiyo presha sakafuni ni kama mara 280 ya hewa, na maji ya huko chini yana nyuzi 3 na kitu. Hapo haidreti inakaa raha mustarehe. Lakini ukianza kushuka ndani ya matope joto linapanda, kila mita 100 linaongezeka nyuzi 3 mpaka 4, na presha nayo inaongezeka ila haiwezi kushindana na joto. Ukifika kama mita 450 chini ya sakafu joto ni karibu nyuzi 20 na hapo vizimba vinashindwa. Juu ya hapo methani iliyozidi inageuka haidreti, chini ya hapo methani iliyozidi inabaki viputo vya gesi huru. Kumbe ni mpaka wa joto na presha, wala si mpaka wa udongo. Na kwa kuwa joto chini ya bahari linafuata umbo la sakafu (sakafu ndiyo inayogusana na maji baridi), basi na huo mpaka unafuata umbo la sakafu. Fumbo la ule mstari unaokata matabaka limeisha, na ndo maana watu wengine wanaitumia BSR kama kipimajoto: ukijua iko kina gani unaweza kupiga hesabu joto linapanda kwa kasi gani kutoka chini, bila kushusha chombo chochote.

Jinsi ya kuuona mpaka huo ukiwa kwenye meli, kilomita karibu tatu juu ya sakafu, ndo kazi ya saizmiki. Meli inavuta bunduki za hewa, zile chupa za chuma zinazojazwa hewa ya presha kubwa halafu zinaiachia kwa mpigo mmoja, puuu, kila baada ya sekunde kumi na kitu. Nyuma yake inaburuta kebo ndefu, mara nyingi ya kilomita kadhaa, imejaa haidrofoni, ambazo ni maikrofoni za majini. Sauti inashuka, kila inapokutana na badiliko sehemu yake inarudi juu, na haidrofoni zinaandika muda. Ni kama unavyogonga tenki la maji kwa nje kujua maji yameishia wapi, tofauti ni kwamba hapa hausikilizi mlio tu, unapima sekunde. Kwa kasi ya sauti majini, mita 1,500 kwa sekunde, kwenda na kurudi mita 2,800 ni sekunde 3.7. Mwangwi wa BSR unafika kama nusu sekunde baadaye. Hiyo nusu sekunde, ukichukulia sauti inakimbia kama mita 1,700 au 1,800 kwa sekunde ndani ya yale matope, ndo inakupa zile mita 450. Umeona kwamba kina chote kinategemea kasi uliyoiweka kwenye hesabu, ukikosea kasi umekosea kina na ukikosea kina umekosea joto.

Sasa tuje kwenye moyo wa jambo. Mwangwi haurudi kwa sababu tu kitu kimebadilika, unarudi kulingana na badiliko la kasi ukizidisha kwa uzito wa kitu, wenyewe wanaita impidansi. Chukua namba za mfano, si za kisima fulani. Maji ya bahari: kasi 1,500, uzito wa kyubiki mita moja kilo 1,025. Tope la sakafuni: kasi 1,550, kilo 1,500. Ukizidisha unapata kama milioni 1.54 kwa maji na milioni 2.33 kwa tope, yaani unatoka kwenye kidogo unaingia kwenye kikubwa, na mwangwi unarudi ukiwa wima, karibu asilimia 20 ya kimo cha wimbi. Shuka mpaka kwenye BSR. Juu yake tope lenye haidreti kidogo, tuseme kasi 1,850 na kilo 1,750, inakuja milioni 3.24. Chini yake tope lenye viputo, kasi 1,450 na kilo 1,700, inakuja milioni 2.47. Hapa umetoka kwenye kikubwa umeingia kwenye kidogo, kwa hiyo mwangwi unarudi na karibu asilimia 14 lakini kichwa chini miguu juu. Pale ambapo mwangwi wa sakafu unaanza na kilima, wa BSR unaanza na bonde. Ukiivuta picha kwenye kompyuta ukaweka wimbi moja la sakafu na wimbi moja la BSR ubavu kwa ubavu utaona ni lilelile limegeuzwa.

Huko kugeuka ndo kipimo cha kwanza mtafiti anachoangalia, kwa sababu kuna BSR za uongo. Kuna maganda ya viumbe vidogo vya baharini yaliyojengwa kwa silika, yakizikwa yakapata joto fulani yanabadilika muundo na kuwa magumu zaidi, na kwa kuwa nayo yanafuata joto, mpaka wake unafuata sakafu vilevile na kukata matabaka vilevile. Ila pale tope linageuka gumu ukishuka, mwangwi unarudi wima. Mtu asiyeangalia alama ya wimbi anaweza kukuuzia silika kwa bei ya gesi.

Lakini angalia tena zile namba uone ni nani anayefanya kazi kubwa. Tope bila haidreti wala gesi kwa kina hicho lingekuwa na kasi ya kama 1,750 hivi. Haidreti kidogo imeipandisha mpaka 1,850, imeongeza mia. Gesi imeishusha kutoka 1,750 mpaka 1,450, imepunguza mia tatu. Uzito wa haidreti nao haukusaidii, manake ni kama kilo 910 kwa kyubiki mita, haina tofauti kubwa na maji iliyoyafukuza kwenye vinyweleo vya tope, vile vitundu vidogo kati ya chembe. Kwa hiyo ukiiondoa gesi ya chini ukaacha haidreti peke yake, ule mstari unafifia au unapotea kabisa.

Hii si hesabu ya mezani tu. Mwaka 1970 meli ya utafiti ya Glomar Challenger ilichimba hapo Blake Ridge na matope yaliyotoka yalikuwa yanatoa gesi mpaka basi, na ndo miaka hiyo watu wakaanza kuuhusisha ule mstari na haidreti. Jibu zito likaja mwisho wa 1995, meli ya JOIDES Resolution ilipoenda kwenye safari ya 164 ya mradi wa kimataifa wa uchimbaji bahari. Wakachagua sehemu tatu kwenye mstari mmoja wa kama kilomita 10: 994, 995 na 997. Kwenye 995 na 997 picha ilikuwa inaonyesha BSR safi kabisa. Kwenye 994 hakukuwa na BSR. Hapo ndo ujanja ulipo, walichagua kwa makusudi sehemu ambayo kwa mawazo ya wengi ilitakiwa iwe tupu.

Haikuwa tupu. Haidreti ikiyeyuka kwenye tope lililopandishwa juu inaachia maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo ukipima chumvi ya maji yaliyokamuliwa kwenye tope unaona imeshuka pale haidreti ilipokuwepo. Vipimo vya 994 vilionyesha kushuka huko kama wenzake, kwenye ukanda wa kuanzia kama mita 200 mpaka 450 chini ya sakafu, na vipande vya haidreti yenyewe viliopolewa. Kilichotofautisha visima ni jinsi gesi ilivyokaa chini ya mpaka. Walishusha sensa ndani ya visima huku bunduki zikipigwa juu, hivyo sauti inasafiri njia moja tu na kasi ya kila kipande cha tope unaisoma moja kwa moja bila kubahatisha. Mtafiti W. Steven Holbrook na wenzake wakaichapisha 1996: haidreti ilikuwa imejaza asilimia chache tu za nafasi kwenye vinyweleo, na chini ya BSR gesi huru ilikuwa imeenea kwa unene ambao watu hawakuutegemea, sehemu zingine mita 250 na zaidi. Yaani kitu kilichokuwa kinaitwa ushahidi wa barafu kilikuwa ni dari la chumba cha gesi.

Kwa hiyo ukikuta BSR sema kwamba hapa methani imefika mpaka kwenye mpaka na viputo vipo chini yake. Usipokuta BSR usiseme haidreti hakuna. Na BSR ikiwa kali sana usiseme haidreti ni nyingi. Haya mambo matatu yanavunjwa kila siku kwenye ripoti zenye ramani za rangi, unakuta mtu amechukua eneo lote lenye BSR akazidisha na unene wa kukisia akapata trilioni za kyubiki mita, na mi nikiona hesabu ya namna hiyo huwa naacha kusoma.

Haya, basi si tuhesabu gesi yenyewe kutokana na ukali wa mwangwi? Hapo napo kuna mtego. Gesi inabonyea kirahisi kuliko maji, kwa hiyo ukiweka asilimia moja au mbili tu ya viputo kwenye vinyweleo tope zima linakuwa laini ghafla na kasi inaporomoka. Ukiendelea kuongeza gesi mpaka asilimia kumi au ishirini kasi haishuki tena kwa kiwango hicho. Sauti ya kawaida basi inakuambia gesi ipo, ila haikuambii ni punje au ni mzigo. Wachimbaji wa mafuta wameshalia na hili tatizo miaka mingi, wanachimba mwangwi mkali wanakuta gesi ya kuchekesha.

Njia moja ya kujinasua ni kutumia mawimbi ya kukata, yale yanayotikisa udongo ubavuni badala ya kuubana na kuuachia. Maji na gesi hayashikilii mtikisiko wa ubavuni, ni mifupa ya tope, yaani punje zake zilizoegemeana, ndo inayoubeba, kwa hiyo kiputo kikiingia kasi ya hayo mawimbi karibu haibadiliki. Ukipata kasi zote mbili unaweza kutenganisha: kasi ya kawaida ikishuka na ya kukata ikabaki palepale, hiyo ni gesi, zote mbili zikipanda, kuna kitu kimeimarisha mifupa, pengine haidreti. Shida ni kwamba mawimbi ya kukata hayapiti kwenye maji, kebo inayoelea haiwezi kuyasikia, ndo maana wanadondosha vipima mitetemo vinakaa sakafuni kabisa, kisha meli inapita juu inapiga bunduki, na kazi ikiisha vinajifungua kwenye uzito wake vinaelea juu vinaokotwa.

Kwa haidreti yenyewe, ugumu ni kwamba haina paa. Inaanza kidogo kidogo huko juu na kuongezeka taratibu, hakuna pale unaweza kusema imeanzia hapa, na sauti haipendi mabadiliko ya taratibu, inayapita bila kurudi. Kwa mawimbi ya hezi 50 na kasi ya 1,800 urefu wa wimbi ni mita 36, badiliko lililosambaa kwenye makumi ya mita halikurudishii kitu cha maana. Halafu swali lingine, haidreti imekaaje ndani ya vinyweleo? Ikiwa inaelea katikati ya maji, kasi inapanda kidogo. Ikiwa imeganda pale punje zinapogusana ikawa kama saruji, kidogo tu kinapandisha kasi sana. Kasi hiyohiyo moja inaweza kumaanisha asilimia 5 au asilimia 30, kutegemea umeamini mfano gani. Wengine waliangalia ukanda wa juu ya BSR ambao mara nyingi unaonekana umefifia, matabaka hayaonekani vizuri, wakasema haidreti ndiyo imeyafanya yafanane. Inawezekana, ila tope la aina moja lisilo na tofauti linafifia vilevile bila haidreti yoyote, mimi nisingeweka hela yangu hapo.

Waliofungua njia mpya ni watafiti wa Ghuba ya Mexico. Badala ya kuikimbiza BSR, wakauliza mchanga uko wapi, kwa sababu matope ya Blake Ridge yana vinyweleo vidogo mno, haidreti inabanwa isijae, wakati mchanga unaweza kujaa mpaka juu. Chukua tabaka moja la mchanga lililolala mshazari likivuka mpaka wa joto. Upande wa juu wa mpaka limejaa haidreti, ni gumu kuliko tope lililolizunguka, mwangwi wake unakuwa mkali na wima. Fuata tabaka hilohilo kushuka, likivuka tu mpaka linakuwa na gesi, ni laini, mwangwi unageuka kichwa chini. Tabaka ni moja, ishara imegeuka katikati, na ukiunganisha zile sehemu za kugeuka kutoka tabaka moja hadi lingine unapata mpaka hata kama mstari wenyewe wa BSR hauonekani. Mwaka 2009 wakachimba visima 7 kwenye sehemu 3, Walker Ridge 313, Green Canyon 955 na Alaminos Canyon 21, na sehemu mbili za kwanza zilitoa mchanga wenye haidreti nyingi kwelikweli, imejaza zaidi ya nusu ya vinyweleo. Hapo walipiga picha kwanza, wakatabiri, ndo wakachimba.

India nako 2006 walikuta kitu cha aina yake kwenye bonde la Krishna-Godavari, safu ya tope la karibu mita 130 lenye haidreti iliyojaza nyufa zilizosimama wima. Nyufa zile zilidanganya vipimo vya kupitisha umeme kwenye tope, ambavyo navyo vinatumika kukadiria haidreti. Umeme unapita kwa shida ukikatiza ufa wenye haidreti, hivyo waliopiga hesabu kama vile haidreti imesambaa sawasawa walipata kiasi kikubwa kuliko kilichotoka kwenye sampuli zilizofungwa na presha yake. Sauti nayo inakimbia tofauti ikienda na ufa na ikikatiza ufa.

Sampuli za presha ndo mwamuzi kwa sasa. Chombo kinakata kipande cha tope kulekule chini, kinajifunga, kinapanda na presha yake yote, halafu maabara wanaiachia gesi kidogo kidogo wanapima ujazo. Green Canyon 955 walirudi 2017 na chombo cha namna hiyo, na zile tabaka ambazo saizmiki ilizionyesha miaka mingi kabla zilikutwa ni tope la mchanga laini sana, karibu vumbi, lakini vinyweleo vyake vimejaa haidreti kwa asilimia 80 mpaka 90 hivi. Chembe ndogo kiasi hicho wengi walidhani hazitajaa hivyo, na picha ya saizmiki isingeweza kusema ukubwa wa chembe, ilisema tu kwamba hapa kuna kitu kigumu, na kile kilicho chini yake ni laini.